Kikohozi cha Mama wa Rangi

Kikohozi kilinikuta nikiwafundisha watu kupumua. Natamani ningekuwa natania. Nilikuwa nimesimama mbele ya akina mama katika chumba cha mbao na mabati, pembeni ya kambi ya waliokimbia vita hapa Bunia, nikisema kwa ile sauti laini tuliyofundishwa darasani: vuta hewa polepole, ishike, iachie. Wao walivuta, wakashika, wakaachia. Mimi nilivuta, nikashika, halafu nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Mama Deborah, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri na kwa ulimi, alingoja nimalize.

"Mama wa Rangi," akasema, "ile pumuzi unatufundisha, weye mwenyewe unaitoa wapi?"

Wakacheka wote. Nami nikacheka, na kicheko kikaleta kikohozi kingine.

Nieleze nilifikaje pale. Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa wa sekondari, mama wa watoto wakubwa, mwandishi wa makala zinazosomwa na mume wangu na mara mojamoja na mhariri. Katika umri ambao wenzangu wanaanza kuuliza habari za pensheni, mimi nilijiandikisha kwa masomo ya uzamili: ushauri nasaha, na tiba kwa njia ya sanaa. Mume wangu, Papa Gloire, aliwaeleza majirani hivi: "Baganga bengine biko na sindano. Wa kwangu iko na krayo." Alizitaja hizo kalamu zangu za rangi kwa fahari, nadhani.

Masomo hayo yana sheria nyingi kuliko seminari. Mtu akichora, humwambii picha yake ina maana gani. Unamuuliza, kisha unangoja. Kundi likishaanza linafungwa, haingii mtu mwingine. Huendi nyumbani kwao na wao hawaji kwako. Na kuagana kunaandaliwa mapema, kwa majuma kadhaa, kwa sababu hao ni watu waliotoka Fataki na vijiji vya jirani sufuria zikiwa bado motoni. Kila kitu katika maisha yao kilikatika bila kwaheri. Sheria hiyo ya kuagana niliipenda kuliko zote. Nilijiapiza kwamba mimi sitakuwa mtu mwingine tena wa kutoweka kwao ghafla.

Bunia, mtu akikohoa wakati wa mvua tunasema ni baridi, akikohoa wakati wa kiangazi tunasema ni vumbi. Mwaka mzima una sababu yake. Basi nilikunywa tangawizi, nikanywa dawa ya malaria, nikanywa sharubati ya kifua iliyoachwa na mtoto. Kitenge changu, ambacho zamani kilinizunguka kwa shida, kilianza kunizunguka na kubaki. Nilimwambia fundi wa nguo kwamba nimeamua kupunguza uzito. Alinitazama shingo, akaipunguza nguo.

Kwenye kituo cha afya kuna benchi la wanaokohoa. Liko nje, chini ya paa lisilo na ukuta, ili upepo upite. Kila mtu mjini analijua benchi hilo, na ukilikalia hakuna anayeuliza unaumwa nini. Wazazi wa wanafunzi wangu walipita wakanisalimu kwa mbali, kwa heshima kubwa mno. Nilikuwa nimebeba kitabu cha somo letu, sura inayohusu aibu. Sikukifungua. Mama mmoja aliyekaa kando yangu aliona ninavyokishika kikopo nilichopewa cha makohozi kama kikombe cha askofu, akanihurumia. "Usiteme mate, mama," akanong'ona. "Kohoa kutoka mbali." Nikakohoa kutoka mbali.

Ilikuwa kifua kikuu. Muuguzi alinieleza habari za vidonge: miezi sita, kila asubuhi, bila kuruka hata siku moja. Alieleza mengi mengine ambayo sikuyasikia, maana nilikuwa nafikiria ni nani nimemkoholea. Mojawapo ya mambo hayo lilikuwa rangi ya mkojo. Asubuhi ya pili nilitoka chooni nikipiga kelele kwamba ninakufa, ninatoa damu. Papa Gloire akaja, akatazama, akafikiri kidogo. "Ni rangi ya orange tu," akasema. "Rangi hapana njo kazi yako?"

Swali gumu lilikuja baadaye. Muuguzi aliuliza ni nani nimekaa nao ndani ya chumba kilichofungwa. Nikawataja wa nyumbani. Halafu nikawataja akina mama wa kambini, jina kwa jina. Watu waliokimbia kufa, wakafika mjini, wakaingia kwenye chumba changu kujifunza kupumua hewa yangu. Walipoitwa kupimwa nililala nimetazama ukuta, na kwa mara ya kwanza katika ugonjwa ule sikujiombea mwenyewe. Majibu yalipotoka, hakukuwa na hata mmoja aliyeambukizwa, wala wa nyumbani wala wa kambini. Nimepata rehema nyingi tangu hapo, lakini hiyo ndiyo ninayoitaja kwanza.

Dada yangu mkubwa, Yaya Antoinette, alitoka Mahagi kuja kunitunza. Aliingia na mkoba, rozari, na uamuzi.

"Ugonjwa hii hapana ya Mungu," akasema kabla hajakaa. "Ulikunywaka chai kwa ile kambi?"

"Nilikunywa, Yaya."

"Basi."

Alilitamka neno hilo kama hakimu anayefunga kesi. Kwake ilikuwa sumu, na aliyenipa alikuwa mmoja wa wale wageni wangu wa krayo. Nilimweleza ukweli. Alinisikiliza kwa subira ile anayosikilizwa nayo mlevi, kisha akafunga uzi mwekundu kwenye kikombe changu ili mtu asikikosee. Papa Gloire alihamia kwenye kochi sebuleni. Hakulalamika, ila kila asubuhi alipita mlangoni kwangu akiwa ameshika mgongo, apate kuonekana.

Profesa wetu, mtu mpole anayesema Kifaransa akikasirika na Kiswahili akihurumia, alinipigia simu kwa Kiswahili. Samuel, mwanafunzi mwenzangu, angelishika kundi kwa muda. Makohozi yakitoka safi baada ya miezi miwili, angenirudishia, nami ningelifikisha mwisho na kuagana nao vizuri kabla ya Pasaka. Sharti moja: katikati hapo, kusiwe na mawasiliano nje ya chumba.

Sharti hilo lilinipa kitu cha kuishi nacho. Kila Alhamisi mchana, siku ya kundi, jua lilipofika kwenye bati la jirani, nilijua sasa wanagawiana karatasi. Nilijua nani atachukua kwanza rangi ya kijani na nani atailalamikia. Vidonge vilinichafua tumbo, magoti yakauma kama ya bibi, mikono ikanitetemeka. Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa saa ile ya Alhamisi. Nilitamani kukaa pale kuliko nilivyotamani chakula. Sikujua mtu anaweza kukikumbuka chumba cha mbao kama anavyokumbukwa mtoto aliye mbali.

Halafu, Jumapili moja baada ya ibada, nikasikia sauti langoni.

"Munatafuta nani?" Ni Yaya.

"Tumekuya kuangalia mugonjwa." Ni Mama Deborah.

"Mugonjwa hapana kutaka batu."

"Mugonjwa mwenye hapana kutaka batu? Ule ni maiti. Utufungulie, mama, tumulilie."

Yaya Antoinette alivuta komeo la lango, na katika miaka yangu yote sikuwahi kumwona akimtii mtu. Waliingia wote, wamevaa vitenge vya kanisani, wakatandika mkeka uani. Mimi nilikaa mbali, karibu na kamba ya nguo, barakoa usoni, upepo ukitoka kwao kuja kwangu. Nilikuwa nimevaa gauni la kulalia na sweta ya mume wangu.

"Tulisikia ugonjwa yako kwa kinywa ya muganga," Mama Deborah alisema. "Hapana kwa kinywa yako."

Nikawaeleza habari ya sheria, kwamba hatukutakiwa kuonana nje ya chumba, kwamba si kwa kuwadharau. Walisikiliza. Mama Furaha, mdogo kuliko wote, alinionea huruma.

"Ile sheria iko ya batu bazima," akasema. "Weye uko mugonjwa."

Wakaja Jumapili iliyofuata, na nyingine. Walileta viazi vitamu, fungu la sombe, yaani majani ya muhogo, siku moja makaa kwenye mfuko, wao ambao wanapanga mstari kupata unga. Sikutakiwa kupokea zawadi. Lakini Yaya alikuwa akizipokea kabla kanuni zangu hazijafungua mdomo. Kidogo kidogo aliacha kunusa chakula chao. Kisha akaanza kukaa mkekani. Kisha nikamsikia akimweleza Mama Deborah makosa ya mume wangu, nikajua habari ya sumu imekwisha.

Siku moja Mama Furaha alitoa kifuani karatasi na kalamu tatu za rangi. "Leo Mama wa Rangi atachora."

Nilichora kwa mkono ule uliotetemeka. Nilitaka kuchora njia ya kwenda chumbani kwetu, na chumba chenyewe mwisho wa njia. Nikaiweka karatasi chini, nikarudi kwenye kamba yangu, wakaizunguka.

"Ni kuku," akasema mmoja.

"Kuku yenye imekufa."

"Hapana, inalala. Angalia shingo."

"Jamani," nikasema, "hatusemi picha ya mutu. Tunamuuliza..."

"Nyamaza, mugonjwa."

Walibishana mpaka wakaafikiana: ni kuku, na mtu mgonjwa hachori kuku bure, ila moyo wake unataka mchuzi. Jumapili iliyofuata walikuja na kuku mzima, amefungwa miguu. Katika vitabu vyote vya masomo yangu sijakuta sura inayoeleza mchoro unavyogeuka supu. Nilikula. Ndicho chakula cha kwanza kilichobaki tumboni, na usiambiwe kwamba hamu ya kula inarudi polepole kama mgeni mwenye adabu. Inarudi kama askari mwenye njaa.

Ni kuku huyo, kwa namna fulani, aliyeniponza. Profesa alikuja kuniona kabla kiangazi hakijakolea, Jumapili, na pakiti ya sukari mkononi. Akakuta kandambili zimejaa mlangoni, Yaya anacheka akisimulia habari ya yule kuku, na kundi langu lote uani likichambua maharagi. Akina mama walimsalimu, wakakaa kidogo kwa heshima, wakaondoka. Yeye alibaki akiitazama pakiti yake.

"Ndilo kundi lenyewe?"

"Ndilo, Profesa."

"Wamekuona na gauni la kulalia. Wamekupikia." Alisema kwa Kiswahili, na hapo ndipo nilipoogopa. "Mtu aliyekuletea kuku Jumapili, Alhamisi atakuambiaje kwamba amekukasirikia? Atakulinda. Kila akichora atakulinda."

Alikuwa sahihi.

"Wakiacha kuja, nakurudishia kundi kama tulivyosema. Wakiendelea, Samuel atalifunga yeye. Wewe ukipona utaanza upya, na kundi lingine. Uwaambie kwa upole. Wataelewa."

Yaya Antoinette, ambaye hakuitwa kwenye kikao hicho, aliweka chini ungo wa maharagi. "Na weye, Profesere, leo umekuya huku kufanya nini?"

Profesa akainama. "Nimekuja kuangalia mgonjwa, mama."

"Ahaa," akasema Yaya.

Profesa alicheka, mtu wa watu yule. Lakini hakubadili neno lake, na hata leo nadhani hakupaswa kulibadili.

Juma lile lote nilifanya mazoezi ya upole. Papa Gloire alikaa mlangoni akijifanya Mama Deborah, vibaya sana, nami nikamwambia na kumwambia tena maneno yale. "Bangoje tu," alisema mwishoni. "Myezi mbili hapana kitu." Kwake ilikuwa wazi: nimesoma, nimechekwa, nimeugua, sasa nisipoteze na kundi. Nami nilitaka hivyohivyo. Nataka lieleweke: nilikitaka kile chumba.

Jumapili ilipofika niliwaambia. Mkiacha kuja kwa sasa, mimi nitarudi kwenu, tutamaliza pamoja, tutaagana vizuri. Nilisema vizuri, Profesa angenipa alama. Mama Deborah alikuwa anafunua na kufunga ncha ya kitenge chake.

Hapa inabidi niseme jambo, nalo nimeruhusiwa naye kulisema, kwa jina nililombadilishia. Kule chumbani, tangu siku ya kwanza, yeye alikuwa akichora nyumba moja, ileile, mlango umefungwa. Kila mara nilimuuliza, kisha nikangoja, kama nilivyofundishwa. Kila mara alijibu: ni nyumba.

"Kule kwetu tuliacha mugonjwa mu nyumba," alisema sasa, bila kuinua macho. "Mama ya bwana yangu. Hakukuwa namna ya kumubeba. Tulimwambia: tutarudia kesho. Tukafunga mulango, juu imbwa zisiingie."

Akaikaza tena ncha ya kitenge chake.

"Sasa weye unasema tusikuye."

Nilitazama mikono yangu. Upole wote niliokuwa nimeuandaa ulikuwa umelala pale mkekani, hauna kazi. "Mukuye," nikasema. "Mukuye, mama. Niko hapa."

Nilimpigia Profesa kesho yake. Nilimweleza kwamba wataendelea kuja. Kisha akasema, "Basi, tutaanza upya," na hakuniambia kwamba nimekosea, wala kwamba nimepatia.

Vumbi jekundu lilipokuwa limefunika majani yote ya mji, makohozi yangu yalitoka safi. Muuguzi aliivua barakoa yangu kwa mkono wake mwenyewe. Papa Gloire alirudi chumbani na mto wake kwapani, ana haya kama bwana harusi. Vidonge vikapungua. Wewe unayesoma haya ukiwa kwenye benchi lile la nje, nikuambie kitu: wakati wa hatari ndio huu. Unakula, unacheka, kitenge kinaanza kukubana, na vidonge vinaonekana kama matusi. Vimeze. Yaya alinisimamia kila asubuhi na glasi ya maji kama polisi wa barabarani, nami nilimchukia kila asubuhi, na niko hai. Na jambo la pili: watu wako wasikie kwa kinywa chako.

Pasaka ilipokaribia, kundi lilifungwa. Alhamisi ile nilikaa nyumbani, mzima, nimevaa viatu. Jua lilifika kwenye bati la jirani, likapita. Samuel alinipigia jioni kuniambia kwamba imekwenda vizuri. Zaidi ya hapo hakunisimulia chochote, kama inavyotakiwa, nami nilitamani kumpiga.

Kisha ikaja hasara ambayo sikuihesabu. Nilinenepa. Mama Deborah alinishika shavu Jumapili moja, akaligeuza upande wa jua, akawaambia wenzake, "Huyu amenona." Jumapili iliyofuata walikuja wawili. Baada ya hapo, hakuja mtu. Ndivyo inavyopaswa, mgonjwa huangaliwa, mzima ana nini cha kuangaliwa? Nilikaa uani nikilitazama lango. Nakiri kwamba nilijaribu kukohoa, kidogo, kuona kama bado najua. Yaya alitoka jikoni na kijiko. "Weye! Utanirudisha Mahagi na aibu?"

Nilimeza kidonge cha mwisho mvua zikiwa zimerudi. Kwetu mtu akipona huenda kuwashukuru waliomwangalia, nyumba kwa nyumba, na sheria ya Profesa haikunihusu tena kwa watu hao. Nilinunua sabuni na sukari, nikaenda kambini. Miezi yote ile ya kuwafundisha sikuwahi kupita zaidi ya chumba cha mbao. Sasa niliinama mlango kwa mlango chini ya maturubai, nikapewa kiti kile kimoja, nikanywa chai kwa vikombe vyao, na sikumuuliza mtu swali lolote. Waliniuliza wao: unalala vizuri? Bwana alirudi kitandani? Walifurahi mno kwa jibu hilo. Niliwaambia kwamba Jumanne naanza kundi jipya, upande wa pili wa mji. Mama Furaha akauliza kama banamuke ya kule banajua kuchora. Nikasema sijui. "Hapana kutushinda," akasema.

Waliponisindikiza walinisindikiza wote. Kisha, kama ilivyo kawaida, wakaanza kupungua: huyu ana sufuria motoni, yule mtoto analia, mwingine mvua itamkuta. Kila mmoja alinishika mkono na kugeuka. Tulipofika barabara kubwa nilibaki na Mama Deborah peke yake. Nilingoja ageuke. Akavuka nami. Tukapita bomba la maji, tukapita ukuta wa shule, hatusemi jambo la maana, tunasema habari za bei ya mafuta na viatu vyangu vilivyoshika tope.

"Utachoka, mama," nikasema.

"Njo weye ulikuwa mugonjwa."

Mwishowe, kwenye mteremko, alisimama. Alinishika mkono, akaukawiza ndani ya wake. Nikadhani atageuka, nami nikajiandaa kusimama na kumtazama akienda, maana ndivyo mwenye kusindikizwa anavyofanya akiwa na adabu. Hakugeuka.

"Enda weye kwanza," akasema. "Nataka kukuona unaenda na miguu yako."

Nikaenda. Niliweza kutembea haraka sasa, kifua changu kilikuwa safi, nyumbani walikuwa wananingoja. Nilitembea polepole mpaka mwisho wa mteremko, ili aone vizuri.